Mbeleko Juu ya Farasi

Mimi ni fundi wa nguo. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu watu waliokuja kunijulia hali walipoona miguu yangu imekufa waliuliza nitasalije, nitampikiaje mume, nitakwendaje msibani. Hakuna aliyeuliza habari za cherehani. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Mkono kazi yake ni kuelekeza kitambaa tu, anayeshona hasa ni mguu, na fundi asiye na miguu ni mtu aliyekaa nyuma ya meza ya chuma.

Bwana Komba ndiye aliyeniomba niandike. Yeye ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na sasa anawafundisha wengine kazi ya kuwapandisha wagonjwa farasi. Alisema niwaandikie wanaoletwa kwake na wanaojifunza kwake, tena niandike nilivyoona mwenyewe. Habari za mishipa ya fahamu sitazieleza. Nilielezwa mara nyingi na kila mara niliitikia kwa kichwa ili daktari aende zake.

Ugonjwa ulianza wakati wa vuli. Nilipata homa kama homa nyingine, nikameza dawa, ikapoa, nikarudi kazini. Wakati huo nilikuwa nashonea kwenye kibaraza cha duka la vitambaa Kariakoo, upande wa kuelekea Mchafukoge, na siku hiyo nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Katikati ya mshono gurudumu likasimama. Nikadhani ukanda wa cherehani umechomoka. Nikainama nikautazama, nikaukuta mahali pake. Kilichosimama kilikuwa miguu yangu, nami sikuwa na habari.

Mume wangu Selemani ni mpakiaji wa mizigo bandarini. Alinibeba hadi kwenye teksi, na kesho yake nilikuwa siwezi hata kukaa. Ganzi ilipanda kutoka vidoleni hadi kiunoni, ikafika chini ya mbavu, hapo ikakaa. Jirani mmoja alisema ni jini, mwingine akasema nimekanyaga kitu nilichotegewa. Mama yangu, Bi Mwanahawa, akawajibu wote wawili kwamba kama wana dawa walete, na kama hawana wampishe mlangoni apitishe uji.

Joto lote la kaskazi lilinikuta wodini. Nakumbuka zaidi dari. Nakumbuka pia shuka moja iliyotandikwa vibaya na wauguzi waliokuwa wachache mno kwa vitanda vile. Ilikuwa na mkunjo mmoja chini ya nyonga yangu, na kwa kuwa sikuhisi kitu, nilikaa juu ya mkunjo ule usiku na mchana mpaka ngozi ikaoza. Kidonda kile kilichukua muda mrefu kupona kuliko jambo lolote jingine. Kama una mgonjwa kitandani, pitisha kiganja chako chini yake kila unapomgeuza. Usiulize kama anaumia, maana hajui.

Miguu yangu ilikonda nikiitazama. Nilikuwa na miguu ya mtu anayekanyaga chuma kutwa, yenye nyama. Ilipofika masika mkono wangu mmoja ulikuwa unaweza kuuzunguka mguu chini ya goti na vidole vikakutana. Nilijipima kwa futi ya ufundi, kwa mazoea tu, kisha nikaificha futi ile chini ya mto nisiione tena.

Niliporudi nyumbani Mama alihamia chumbani kwetu, akawa analala mkekani kati ya kitanda na mlango. Tulikuwa na chumba kimoja. Selemani akitoka bandarini alilazimika kumruka mkwewe, jambo ambalo hakuna mkwe anayelipenda. Waligombana kwa heshima, juu ya vitu vidogo kama chumvi ya uji, dirisha lifungwe au lisifungwe. Shangazi yake Selemani alikuja siku moja akasema mbele yangu kwamba mwanamume anayebeba mizigo kutwa hapaswi kurudi nyumbani akabebe mke. Selemani akamwambia mimi ni mwepesi kuliko gunia la korosho. Wote tukacheka. Lakini jioni hiyohiyo aliponiinua kwenda uani alinitua kwa nguvu kuliko kawaida, akatoka nje akasimama peke yake. Nilimwelewa, na nilimchukia, yote kwa pamoja.

Mwenye duka alinitumia salamu kwamba cherehani yangu ipo palepale na nafasi yangu ananiwekea. Ila akaongeza neno.

"Mwambieni fundi, mimi nangoja mpaka Ramadhani," alimwambia Selemani. "Ramadhani watu wote wanataka nguo za Idi. Kibaraza hakiwezi kukaa kitupu."

Basi tangu hapo kalenda yangu ikawa na mwezi mmoja tu.

Masika yote tulikwenda kliniki ya mazoezi. Benchi la kungojea lilikuwa chini ya paa la bati, na mvua ikinyesha hakuna aliyesikia jina lake likiitwa, kwa hiyo wote tulimtazama karani mdomoni. Mle ndani Bwana Komba alinikalisha kwenye kigoda kisicho na egemeo, akaachia. Nikaanguka upande. Akaniinua, akaachia, nikaanguka upande uleule. Yeye ni mtu wa Songea, mpole, hana haraka ya maneno.

"Miguu yako imeanza kuamka, dada," alisema. "Lakini kiuno kimesahau kazi yake. Miguu haiwezi kuja mpaka kiuno kirudi."

Ndipo akatueleza habari za Zabibu. Alikuwa farasi jike, mzee kidogo, wa rangi ya zabibu kavu, aliyeachwa na watu waliorudi kwao Ulaya. Alifugwa ukingoni mwa bonde la Msimbazi, mahali penye majani. Bwana Komba alikuwa ameona alikosomea jinsi mwendo wa farasi unavyokitikisa kiuno cha mgonjwa vilevile kinavyotikisika cha mtu anayetembea, naye aliomba ruhusa ajaribu.  Tulipofika nyumbani Mama akasema, "Mwanamke atakaaje juu ya mnyama, mguu huku, mguu huku?"

"Nitavaa suruali ya Selemani ndani ya gauni," nikamwambia.

"Na ukianguka?"

Nikamwambia aje aone mwenyewe.

Tulianza kipupwe, ardhi ilipokauka. Selemani alinipeleka kwa mkokoteni aliouazima kwa wauza viazi, mimi nimekalia gunia tupu, Mama akitembea pembeni na mwavuli. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Niliona haya sana, nikawa nawasalimia watu mmoja mmoja kwa majina ili waone haya wao.

Farasi nilikuwa sijawahi kumwona karibu. Ni mkubwa. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Aliyemtunza alikuwa saisi wa tangu enzi za hao waliorudi Ulaya, Mzee Luka, mtu mwembamba aliyezungumza na farasi kwa sauti ileile aliyozungumzia na watu.

"Usimjie kwa nyuma," aliniambia hata kabla sijashushwa. "Hata mimi simjii kwa nyuma, na ananijua miaka yote hii. Mjie begani. Taja jina lake kwanza, akusikie, kisha ndio umguse. Ukimpa kitu, mkono uwe wazi, vidole vyote vilale, maana yeye hakioni kilicho chini ya pua yake, anaweza kuchukua na kidole."

Akanionyesha masikio. Yakisimama mbele, anasikiliza kitu. Yakienda huku na huku, yuko nasi. Yakilala nyuma kabisa, ondoka. Siku zilizofuata niligundua kwamba masikio ya Zabibu yalikuwa rahisi kusoma kuliko uso wa Selemani.

Kazi ya kunipandisha iligawanywa hivi, na wanaojifunza wasome taratibu. Mzee Luka alishika kamba mbele. Bwana Komba alisimama kulia kwangu, Selemani kushoto siku ambazo hakuwa na zamu. Anayeshika kamba anamtazama farasi tu, hata mgonjwa akipiga kelele. Wanaosimama pembeni wanamtazama mgonjwa tu, hata farasi akifanya nini. Likitokea la kutokea, wa pembeni wanamkamata mgonjwa na kumvuta kwao, na wa mbele anabaki na mnyama. Nilipanda kutoka kwenye jukwaa la mbao. Miguu haikuingizwa kwenye vikuku vya kukanyagia, kwa sababu nilikuja na kandambili, na kandambili hupenya kwenye kikuku mguu ukanasa.

Zabibu akaenda hatua kwa hatua. Miguu yangu ilikuwa inaning'inia kama nguo kwenye kamba, lakini kiuno kilisogea kushoto, kulia, mbele, bila mimi kukiamuru. Nilikuwa natembea. Nimetafuta namna nyingine ya kueleza nimeikosa. Nilifurahi mno, na kwa kuwa sikutaka kulia mbele ya mume na saisi, nikauliza farasi anakula nini.

Mama alikaa siku zote kwenye jukwaa, ameshika mwavuli, anasoma dua chini kwa chini. Siku ya nne au ya tano alikuja na kifurushi. Kilikuwa na kanga. Niliijua. Kwetu bwana harusi humpa mama wa bibi harusi mbeleko, ahsante ya kumbeba mwanawe mgongoni. Hii ndiyo Selemani aliyoitoa nilipoolewa, ya pamba nzito, na Mama hakuwahi kuivaa. Ilikuwa sandukuni na karafuu.

Nilipokwisha kukalishwa juu, Bwana Komba na Selemani wakainama upande wa pili kukaza ukanda wa tumbo la farasi. Mama akanijia kana kwamba ananiweka sawa gauni. Akaipitisha kanga kiunoni mwangu chini ya gauni, akaikaza kwenye mkono wa ngozi ulio mbele ya tandiko, akapiga fundo.

"Mama, unafanya nini?" nilimnong'oneza.

"Nyamaza. Hivi huanguki."

Nikanyamaza. Kusema kweli nilijisikia salama. Kila mtoto wa pwani amebebwa hivyo, na nadhani mwili haukusahau.

Tulikuwa katikati ya uwanja watu fulani walipoanza kushusha mabati kutoka kwenye gari ukingoni mwa bonde. Yakawaponyoka. Zabibu aliruka pembeni. Bwana Komba na Selemani walifanya walivyofundishwa, wakanikamata wanivute, nami sikuja. Wao walinivuta huku, kanga ikanivuta kule. Tandiko likaanza kuzunguka pamoja nami, nikawa naning'inia ubavuni kwa farasi, kichwa chini, nikiziona kwato. Zabibu alihisi mzigo unaozunguka tumboni, akazidi kuhangaika, akateleza, akapiga magoti. Niliogopa kifo. Sikumwogopa farasi, nilikiogopa kifo chenyewe, kwa jina lake.

Mzee Luka hakunitazama hata mara moja. Wakati ule nilimwona hana huruma. Alikuwa ameukumbatia uso wa Zabibu, anasema, "Zabibu, mama, Zabibu, tulia," kwa sauti ya kila asubuhi. Zabibu akainuka, akasimama. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, lakini alisimama.

"Amefungwa!" Bwana Komba alisema. "Nani amemfunga?"

Selemani alipapasa fundo likamshinda, maana uzito wangu ulikuwa umelikaza. Mama alikwisha fika. Alikuwa ametupa mwavuli na mtandio. Aliingia chini ya shingo ya farasi, mwanamke ambaye kabla ya siku hiyo hakukubali kumsogelea, akaling'ata fundo lake mwenyewe, akalifungua kwa meno. Nikaangukia mikononi mwa mume wangu.

Zabibu alikuwa amechanika goti. Mimi nilichubuka kiuno na bega.  Kisha Mama akasema, "Mimi ndiye niliyefunga. Huyu nimembeba mgongoni mpaka akatembea, hakuanguka hata siku moja."

Bwana Komba hakupandisha sauti. "Mama," alisema, "mgongo wako haushtuki. Farasi anashtuka. Mtu akiwa juu ya farasi lazima aweze kuanguka. Sisi wa pembeni kazi yetu ni kumdaka."

Mama akaikunja kanga, ina matope na mate na damu kidogo, akairudisha kwenye kifurushi. Nyumbani hakula siku hiyo. Nami sikumwambia lolote, maana neno lolote lingekuwa kubwa mno kwa chumba chetu.

Kupanda kukasimamishwa mpaka goti la Zabibu lipone. Selemani alidhani ndio mwisho. Nami nilidhani hivyo, na Ramadhani ilikuwa inakuja. Lakini nililala siku mbili nikifikiria lile goti, nikaona siwezi kukaa nyumbani wakati mnyama aliyesimama kwa ajili yangu anauguza kidonda. Nikaomba mkokoteni.

"Unakwenda kufanya nini, na hupandi?" Selemani aliuliza.

"Kumjulia hali."

Mzee Luka alinipa brashi. Nadhani alinipa ili nisikae bure. Bwana Komba alinisimamisha kando ya bega la Zabibu, akanishika kiuno kwa nyuma, akaniambia niegemee. Nikaegemea. Farasi ana joto, na anapumua polepole, na ukimwegemea naye anakuegemea kidogo. Nikapiga brashi mara chache miguu ikanikatikia, wakanikalisha. Kesho yake nikapiga zaidi. Hivyo ndivyo nilivyosimama tena. Niliwahi kuota kwamba siku ya kusimama Selemani angekuwepo na majirani wangepiga vigelegele. Waliokuwepo walikuwa saisi, mtaalamu na nzi.

Nilijifunza mengi nikiwa nimeegemea pale. Asubuhi kabla ya tandiko, piga brashi mgongo wote, halafu pitisha kiganja kitupu, kwa sababu chembe ya mchanga ikibaki chini ya tandiko inachimba ngozi, naye hana mdomo wa kusema. Mzee Luka aliponieleza hilo nilicheka peke yangu, nikakumbuka mkunjo wa shuka. Tangu siku hiyo mgongo wa Zabibu hakuukagua mtu mwingine. Nilikuwa naupitia kwa vidole vya fundi, vinavyojua uzi uliovuka mahali pasipotakiwa hata gizani. Kitambaa cha chini ya tandiko nilikigeuza nikakuta mshono umeinuka, nikaufumua na kuushona upya kwa mkono.

Nilijifunza kuangalia kwato, japo kuziinua aliinua Mzee Luka. Vijiwe vya bondeni vinajificha kwenye pembe ya ukwato, na farasi mwenye kijiwe huchechemea kidogo mno kiasi kwamba aliye chini haoni, ila mgonjwa aliye juu anatupwa upande. Kupe hukaa masikioni na chini ya mkia. Jua likishapanda mrudishe kivulini umpe maji, hata kama benchi lina wagonjwa wanaongoja. Hilo la mwisho Bwana Komba alilisimamia kuliko yote, na wagonjwa walimnunia, nami nikiwamo siku moja. Tena ukanda wa tumbo ukazwe mara mbili. Farasi huvimbisha tumbo unapomfunga mara ya kwanza, mtembeze kidogo, kisha urudie. Zabibu alikuwa bingwa wa ujanja huo.

Ramadhani ikaandama. Nilikuwa naweza kusimama na kwenda hatua chache kwa fimbo, lakini nikikaa na kuweka mguu chini na kujaribu kuupigapiga kama niko kazini, ulikuwa unachoka kabla sijahesabu vizuri. Mwenye duka alingoja siku za mwanzo za mfungo. Kisha cherehani yangu ikaletwa nyumbani kwa mkokoteni uleule wa viazi, imefunikwa kwa gazeti, na fundi mwingine akakaa kibarazani. Sikumlaumu, alikuwa ametoa neno lake mapema. Hospitali sikulia. Siku ile nililia mpaka Mama akafunga mlango ili wapangaji wenzetu wasisikie.

Cherehani iliwekwa miguuni mwa kitanda, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Kila mtu aliizunguka. Mama aliitundikia kanga za kukauka, nikamwambia aziondoe.

Ilikuwa baada ya Idi Bwana Komba aliponiuliza. Wagonjwa wengine walikuwa wameanza kuja, akiwamo dada mmoja wa mtaa wa Msimbazi aliyepooza upande. Wa pembeni walikuwa wanakosa pa kumshika. Wakishika gauni linachanika, wakishika mkono unateguka. Alisema alikosomea aliona mshipi mpana wa ngozi, mgonjwa anauvaa kiunoni, una mikono ya kushikia kila upande kama mikono ya kikapu.

"Hapa ngozi ya namna ile hatuna," alisema. "Nikafikiri, labda fundi."

"Na mshipi haufungwi kwenye tandiko?" niliuliza.

"Haufungwi popote. Unashikwa na watu tu."

Selemani aliomba kipande cha turubai kuukuu kwa msimamizi wake bandarini, akapewa. Nikachora kwa chaki juu ya kitanda. Nikachukua bizimu ya mkanda wake wa zamani, nikaijaribu mpaka nikahakikisha inafunguka kwa mkono mmoja, bila meno. Lakini turubai linakwaruza, na mimi ninaijua ngozi isiyohisi. Lilihitaji bitana laini, ya pamba, isiyo na mkunjo. Madukani wakati huo kitambaa kilikuwa cha foleni, na foleni ikifika mbele unakuta zimebaki rula na chupa za wino.

Mama alikuwa ananitazama nikihangaika. Akavuta sanduku lake chini ya kitanda, akafungua kifurushi, akaiweka kanga juu ya meza ya cherehani. Alikuwa ameifua. Harufu ya karafuu ilikuwa bado ipo, na mahali pa fundo palikuwa na alama ndogo za meno.

"Mama, hiyo ni mbeleko yako," nilisema. "Haikatwi."

"Mbeleko ni ya kazi. Sandukuni inafanya kazi gani?"

"Tutatafuta nyingine."

"Rukia." Huniita kwa jina langu mara chache. "Kata."

Nikakata. Alishika upande wa pili, akaivuta ikakaa sawa, hakuukunja uso. Nikaweka turubai na kanga chini ya sindano, nikashusha mguu wa cherehani. Nilikuwa nimepanga kuzungusha gurudumu kwa mkono, kidogo kidogo, hata kama ingechukua wiki. Kisha nikaiweka miguu yangu juu ya kikanyagio, kwa sababu ndipo miguu ya fundi inapokaa. Nikakanyaga. Gurudumu likaenda kinyume, uzi ukakatika. Nikatunga tena. Nikakanyaga tena, kisigino, vidole, kisigino, likaenda mbele. Lilikwenda polepole sana, mshono wa mwanafunzi, lakini nguvu ilikuwa yangu na ilitoka chini. Nilipoinua macho nikamwona Mama. Hakuwa anatazama kitambaa.

Kibaraza sikukirudia. Nashonea nyumbani, napumzika mara kwa mara, na mguu wa kushoto hauamki vizuri siku za baridi. Nikitembea natumia fimbo. Ukija bondeni ukavalishwa mshipi wa turubai wenye bitana ya kanga, ujue ulitoka chumbani kwetu, na uangalie bizimu yake kabla hujapanda.

Mimi ndiye niliyeuvaa wa kwanza, mwanzoni mwa vuli, ukungu mwepesi ukiwa bado juu ya majani. Zabibu alikuwa amepona, na kovu gotini. Selemani alikuwa zamu, wa kushoto akakosekana. Mama akaweka mwavuli chini, akaja.

"Nishike wapi?" alimwuliza Bwana Komba.

Akamwonyesha. Akamwambia amtazame mgonjwa tu, hata farasi akifanya nini. Mama akasema yeye tangu mwanzo hajamtazama mwingine.

Tukaenda. Nilihisi mkono wake upande wa kushoto, unavuta mshipi kidogo kuelekea chini, kama anayeshika mtoto sokoni. Tulipita pale mabati yalipoanguka. Tukaendelea. Halafu, karibu na mwisho wa uwanja, uzito ule ukaondoka. Nyayo zake niliendelea kuzisikia palepale kando yangu, lakini mshipi ulikuwa mwepesi. Ameachia. Mpanda farasi hageuzi kiuno kutazama nyuma wala pembeni, hilo nilifundishwa siku ya kwanza. Nikatazama mbele, katikati ya masikio ya Zabibu.